Uzi Mweupe Chini ya Kiti

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa gereji yangu, nakunywa chai na kuwasikiliza mafundi rangi wa ng'ambo ya barabara wakibishana mambo ya mpira, ndipo nikaliona gari la marehemu shemeji yangu likija taratibu. Halikuwa limewaka. Wanaume wa mtaani walikuwa wakilisukuma huku wakitaniana, na kwenye usukani alikaa mdogo wangu wa kike, ameushika kwa mikono miwili, hamtazami mtu.

"Kaka," aliniambia aliposhuka, "limekataa tena."

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi yangu ni waya. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba sitishiki na hadithi za majini yanayopanda magari. Wateja wameshaniletea gari wakaapa kwamba lina shetani, nikafungua boneti, nikakuta panya amejenga humo na familia yake yote, nikawaonyesha shetani wao akiwa na mkia. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikuyasikia kwa jirani wa jirani. Yamemkuta mtu niliyenyonya naye ziwa moja, na mengine nimeyaona kwa macho yangu mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la samawati iliyopauka, lenye umri wa kustaafu. Shemeji alilinunua likiwa tayari limechoka, akalitunza kama mboni ya jicho. Yeye alikuwa fundi majokofu, mtu mrefu, mcheshi, mwenye mikono safi kuliko fundi yeyote ninayemjua. Kidole chake cha shahada kilikuwa nusu tu, nusu nyingine iliondoka na feni ya jokofu zamani, na alipenda kukitumia kuwatisha watoto kwa mzaha. Watu walimpenda. Hata mimi nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapokaa kuyawaza haya.

Alifia ndani ya gari lile.

Ilikuwa asubuhi, kifua kilimbana ghafla akiwa anafunga kamba za viatu. Mdogo wangu akamkokota mpaka kwenye gari, akamweka kiti cha abiria, akazunguka mbio akakaa kwenye usukani, akazungusha funguo. Taa za dashibodi ziliwaka. Injini haikutoa hata mlio. Akazungusha tena, na tena, mpaka kiganja kikachubuka. Majirani walipopata gari lingine, shemeji alikuwa ameshaegemea dirisha, macho wazi, hayamwoni mtu.

Na baada ya mazishi, jioni ileile ya kuanua tanga, kaka mkubwa wa marehemu alitaka kulisogeza gari ili magari ya wageni yapate njia. Aliingia, akajisukumia kiti nyuma, akazungusha funguo mara moja tu, na gari likawaka palepale. Kila mtu uani alisikia. Maneno yakaanzia hapo.

Huyo kaka mkubwa sisi tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kikao cha ukoo ambacho hakukiongoza, kuanzia cha posa mpaka cha kugawana vyombo. Ni mtu wa kukohoa kwanza ndipo aseme. Basi alikohoa, akasema gari ni shahidi. Linawaka kwa kila mtu isipokuwa kwa mke. Mtu mwenye akili na ajiulize ni nani aliyelifunga. Mama mkwe wa mdogo wangu naye, mzee mfupi aliyekonda kwa majonzi, tangu siku hiyo aliacha kupokea chakula kutoka mikononi mwake.

"Wameitisha kikao Jumamosi," mdogo wangu aliniambia, tukiwa tumesimama kando ya gari. "Wanataka niondoke kwenye nyumba. Watoto wabaki kwa bibi yao."

"Kwa kosa gani?"

"Uchawi, kaka. Liseme taratibu, wale wa rangi wanasikiliza."

Nikaelewa kilichomleta. Hakuja kutengenezewa gari. Alikuja nimtafutie ushahidi, nisimame mbele ya watu wale na kitu mkononi, niseme ugonjwa ni huu, na aliyeuleta si binadamu huyu. La sivyo angelala Jumamosi bila wanawe.

Nikavua koti, nikaingia kazini.

Gari linalokataa moja kwa moja ni rahisi kulitibu. Linalokataa leo na kukubali kesho ndilo linalomzeesha fundi, maana ugonjwa wa kuja na kuondoka huwezi kuushika ukiwa umeshaondoka. Nilifungua mlango wa dereva, nikasukuma kiti nyuma mpaka mwisho ili nipate nafasi ya kulala chini ya dashibodi, nikanyoosha mkono nikazungusha funguo. Likawaka. Nikazima, nikawasha. Likawaka. Nikamwangalia mdogo wangu, akaangalia chini.

"Si unaona?" akasema. "Hata wewe linakukubali."

Nilipima betri, ilikuwa nzima. Nikasugua vichwa vyake vilivyokuwa safi tayari. Nikafuata waya mnene unaoshuka kwenye bodi, nikaukaza. Nikaishusha stata yenyewe, ile mota inayoiamsha injini, nikaifunga mezani, nikaipa umeme, ikazunguka vizuri kabisa. Nikairudisha. Nikamwambia gari limepona, mimi mwenyewe sijui lilikuwa na nini, ila limepona. Akapanda kulirudisha nyumbani.

Akazungusha funguo. Kimya.

Nilisimama palepale na spana mkononi, nikajiuliza kama kweli gari linaweza kuwa na jini. Nilijicheka. Nikamwambia alale kwangu, gari libaki, kesho ni siku nyingine.

Jioni hiyo, wakati mke wangu anaandaa meza, nilimtania mdogo wangu ili acheke kidogo. Alikuwa amevaa soksi ndefu na ndala, na joto lilikuwa la kutoa jasho kwenye kope. "Tangu lini umekuwa mtalii?" nikamuuliza. Hakucheka. Aliinama, akateremsha soksi ya mguu mmoja.

Juu tu ya kifundo cha mguu kulikuwa na alama ya mkono. Ilikuwa nyeusi kwenye kingo na ya zambarau katikati, kama chubuko la jana. Vidole vitatu virefu. Kimoja kifupi.

"Alinishika hivi siku ile," alisema kwa sauti ya chini, watoto wangu wasisikie. "Nazungusha funguo, yeye ameinama, ameingiza mkono huku chini miguuni kwangu, ananishika. Nilidhani ananiaga. Mwenyekiti alipoiona alisema marehemu alikuwa anajinasua kwangu."

"Lakini hiyo ni miezi sasa."

"Naijua hesabu yake, kaka. Kila nikikaa kwenye kile kiti inaanza upya."

Nilimwambia alale, amechoka. Kisha nikakaa peke yangu nikaukumbuka mchezo wa shemeji.

Kwenye kila sherehe alikuwa nao. Wageni wakishashiba, angetoa funguo mfukoni na kutangaza kwamba gari lake linamjua mwenyewe. Angemwita mke wake mbele za watu. Mdogo wangu, aliyekuwa amejifunza kuendesha hapahapa uani kwangu na kuendesha vizuri, angekaa, akavuta kiti mbele, maana ni mfupi, akazungusha. Kimya. Halafu angekaa yeye, na miguu yake mirefu, gari likanguruma. Watu walikuwa wakishika mbavu. Mama yake mzazi naye alikuwa akicheka, na mimi nilikuwa nikicheka. Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, alitaka gari awapelekee wateja nguo zao mwenyewe, lakini baada ya kuchekwa mara za kutosha aliliacha, akawa anabeba nguo kichwani kwenye beseni. Shemeji alikuwa akisema, "Mke wangu na gari hawapatani, nifanyeje sasa?"

Niliukumbuka mchezo ule nikaona kitu ambacho ningekiona mapema kama ningekuwa naangalia kama mteja badala ya fundi.

Mafundi hatukai kwenye gari la mtu. Hilo ndilo kosa letu. Tunasimama nje na kuingiza mkono dirishani, au tunasukuma kiti nyuma tulale chini ya dashibodi. Kila fundi aliyewahi kuliangalia gari lile alianza kwa kukisukuma kiti nyuma, kisha akalijaribu, likawaka, akaandika limepona. Mimi nikiwemo.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilimwita mdogo wangu uani. Jua lilikuwa kali, na mabati ya gereji yalikuwa yanalia kwa joto. Nilifunga taa yangu ya kupimia kwenye ule waya mdogo wa stata, ule unaopokea amri kutoka kwenye funguo, nikaitundika kwenye kioo niione.

"Kaa kama unavyokaaga," nilimwambia. "Usibadilishe kitu."

Akakaa. Akavuta kiti mbele, jino moja la reli, jingine, mpaka mwisho. Akazungusha funguo. Taa yangu haikuwaka. Amri ilitoka kwenye funguo, haikufika kwenye stata. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kama mwindaji.

"Usisogee hata kidogo," nikamwambia.

Nikapiga magoti mlangoni. Nikaushika waya kwenye shingo ya usukani na kuufuata kwa vidole. Waya ule, jinsi gari linavyotoka kiwandani, hupita nyuma ya dashibodi kwenda moja kwa moja kwenye injini. Huu haukwenda huko. Ulishuka. Uliingia chini ya zulia, ukaenda chini ya kiti. Nikainua zulia kwa mkono mmoja, nikapitisha mwingine kati ya visigino vyake, nikaushika waya kwa mikono yote miwili.

Mdogo wangu akakakamaa.

"Kaka."

"Tulia, nimeupata."

"Kaka, niachie mguu."

Nilikuwa nimeshika waya. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye waya, na nilikuwa naiona.

"Unaniumiza," alinong'ona.

Niliangalia mguu wake. Soksi ilikuwa inabonyea. Kitambaa kilikuwa kinaingia ndani ya nyama, mahali pa vidole vitatu, na mahali pa kidole kimoja kifupi. Kisha kikaachia. Kikajaa tena polepole. Hapakuwa na kitu kati ya mguu na zulia isipokuwa vumbi lililokuwa linaelea kwenye jua.

Kama ningemwambia nilichokiona angekimbia, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Niliushikilia ule waya na kuufuata mpaka ulipoishia, nikaikuta swichi.

Nimeona swichi nyingi za siri. Wenye magari ya zamani huziweka kwa ajili ya wezi. Huziweka chini ya usukani, ndani ya kisanduku cha glavu, popote ambapo kidole cha mwenyewe kinafika kwa urahisi. Hii haikuwekwa kwa ajili ya kidole. Ilifungwa kwenye sakafu, na kidomo chake, kile kijiti cha kuwashia na kuzimia, kilichomekwa kwenye tobo refu la kipande cha chuma kilichochomelewa chini ya kiti. Kiti kikiwa nyuma au katikati, kidomo kinakaa penye kuwasha. Kiti kikivutwa mpaka meno ya mwisho kabisa ya mbele, chuma kinakisukuma, na umeme unakatika. Lilikuwa tobo lililopimwa kwa rula na kusafishwa kwa tupa.

Mwizi huja kwa vimo vyote. Swichi hii ilikuwa inamjua mtu mmoja tu, na ilimpima miguu.

"Ni nini?" mdogo wangu akauliza.

"Panya," nikasema. "Wamekula waya."

Alishuka. Akapiga magoti kando yangu kwenye mafuta na vumbi, akaingiza kichwa chini ya kiti. Maungio ya waya yalikuwa yamefungwa vizuri ajabu. Kabla ya utepe mweusi, kila ungio lilikuwa limezungushwa uzi mweupe kisha ukakatwa kwa meno, namna ambayo fundi mmoja tu niliyemjua alikuwa akifunga waya za majokofu yake.

"Huu uzi ni wangu," alisema.

Akaugusa.

"Ni ule mgumu wa kushonea mashuka. Nilikuwa nikiutafuta, nikimwuliza, anasema labda watoto wameuchezea. Ananisaidia kuutafuta, kaka. Anainua mpaka mito ya makochi."

Nilitamani kumfukua shemeji yangu ili nimpige. Nasema kweli. Nilitamani kumkalisha mbele yangu na huo ucheshi wake, nimwulize alikuwa anaogopa nini, kwamba mke akifika sokoni hatarudi? Lakini mdogo wangu alikuwa ameshakaa chini, mgongo kwenye gurudumu, na alikuwa anahesabu kitu kingine kichwani.

"Kwa hiyo siku ile hakuwa ananiaga," alisema. "Alikuwa anaitafuta swichi."

"Ndiyo."

"Angesema tu nirudishe kiti nyuma."

"Pumzi ilikuwa imemwishia. Asingeweza kusema."

"Aliniita jina langu," akasema. "Mara mbili. Jina langu ni refu kuliko neno swichi."

Mtu anakata roho, dawa iko shibiri moja kutoka kwenye mkono wake, na bado anaona afadhali aifikie mwenyewe gizani chini ya kiti kuliko kusema alichokifanya. Labda aliona aibu. Labda alidhani atapona, na akipona mchezo uendelee.

Jumamosi tulilipeleka gari kwa wakwe wa mdogo wangu. Niliendesha mimi, kiti kikiwa nyuma, na swichi niliiacha mahali pake, kwa sababu ushahidi hauhamishwi. Sebule ya mama mkwe ilikuwa imejaa, viti vya plastiki mpaka kwenye korido. Watoto walikuwa wamewekwa chumba cha ndani, nguo zao zimeshakunjwa kwenye mfuko. Mdogo wangu aliuona ule mfuko alipoingia. Nilimwona alivyouona.

Nikasimama, nikaeleza. Nikaeleza kwa lugha nyepesi, waya unatoka wapi na unakwenda wapi, kiti kikifanya hivi nini kinatokea. Nilipofika kwenye uzi mweupe, mama mkwe aliinua uso kwa mara ya kwanza. Nikamaliza, nikakaa, nikadhani nimemaliza kweli.

Mwenyekiti akakohoa.

"Tumekushukuru, fundi," alisema. "Umetufungua macho. Kwa hiyo marehemu alijiwekea kinga. Mtu haweki kinga bure. Mdogo wangu alikuwa anamwogopa mwanamke huyu, ila hakupata wa kumwambia."

Vichwa vikaanza kutikisika vikikubali, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye korido. Ushahidi wangu ulikuwa umegeuzwa mikononi mwangu na sasa unamnyonga mdogo wangu. Nilitaka kusimama nimtukane Mwenyekiti, lakini mdogo wangu aliniwekea mkono begani.

"Mama," alimwambia mama mkwe, kwa adabu, bila kuipandisha sauti. "Naomba ukazungushe funguo wewe."

"Mimi sijui kuendesha, mwanangu."

"Huendeshi. Unazungusha tu, nami nitaliondoa kwenye gia. Wewe ndiye uliyemzaa. Kama linamkataa mchawi, wewe litakukubali."

Mwenyekiti alifungua mdomo, lakini bibi wa watoto alikuwa ameshanyanyuka. Watu wote walitoka kwenda uani. Alikaa kwenye kiti cha dereva, miguu ikaning'inia. Kimo chake na cha mdogo wangu ni kimoja. Mdogo wangu alimwonyesha kishikio, bibi akavuta, kiti kikaja mbele mpaka mwisho. Tulisikia mlio mdogo chini yake.

Akazungusha funguo. Kimya.

Akazungusha tena.

"Na mama naye amelifunga?" mdogo wangu akauliza.

Mwenyekiti hakukohoa. Ingeishia pale tungekuwa tumeshinda, na mimi ningerudi nyumbani nikiwa mtu yuleyule asiyeamini isipokuwa waya. Lakini bibi hakushuka. Mkono wake ulikuwa bado kwenye funguo, na macho yake yalikuwa yanaangalia miguuni.

"Nani yuko huku chini?" aliuliza.

Tulikuwa karibu sana, tulisikia kila neno.

Bibi aliinama kidogo, kama anayesikiliza mtoto. Uso wake ulibadilika. Haukuwa na woga. Ulikuwa na huzuni ya mtu aliyetambua mkono.

"Niachie, baba," alinong'ona. Hivyo ndivyo alivyomwita mwanawe tangu akiwa mchanga. "Niachie, baba, unaniumiza mama yako."

Kisha akavuta pumzi, na mdogo wangu akamshika kwapani akamteremsha. Alipokanyaga chini, kanga yake ilipanda kidogo, na wote waliokuwa mbele wakaona. Vidole vitatu. Na kile kifupi. Mwenyekiti alirudi nyuma mpaka akagota ukutani.

Bibi alimwendea mkwe wake. Nilidhani ataomba radhi, hakuomba. Alimshika kiganja, kile kilichochubuka siku ile, akakigeuza juu akakitazama.

"Baba yake mumeo alikuwa ananifichia viatu," alisema. "Kila akisafiri, anaondoka navyo kwenye begi. Nikitaka kwenda kwetu, nitakwenda peku? Na watu wakija anawaambia mke wangu ni mtu wa nyumbani sana." Akakifumba kile kiganja. "Mtoto alikuwa anaona."

Kisha akawageukia wengine. "Watoto waende na mama yao. Kikao kimekwisha."

Siku ileile niliing'oa swichi. Nikaunganisha waya moja kwa moja, kutoka kwenye funguo mpaka kwenye stata, bila kupita kwenye kiti. Kile kipande cha chuma nilikikata na kukitupa. Uzi mweupe mdogo wangu aliuchukua, hakusema wa nini. Tangu hapo gari linawaka kila likiambiwa liwake. Anawapelekea wateja nguo, anawapeleka watoto shule, na pale mtaani hakuna anayemtania.

Ila kila asubuhi, akifungua mlango, anakuta kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Urefu wa miguu ya mume wake. Milango imefungwa, funguo ziko chini ya mto wake. Anakivuta mbele, anaondoka. Asubuhi inayofuata kiko nyuma.

Aliponiambia, nilifanya kile ninachokijua. Nililileta gari gereji, nikakiweka kiti mahali pa kimo chake, nikazichomelea reli zote mbili, chuma kwa chuma, mpaka mshono ukawa mnene kama kidole. Kiti kile kisingesogea hata kwa nyundo. Nililifungia gari gereji kwa makufuli yangu, nikaenda kulala.

Asubuhi tulifungua pamoja. Kiti kilikuwa nyuma.

Nikapiga magoti na tochi. Mshono wangu ulikuwa hapohapo kwenye reli, mzima, haujakatwa, haujapasuka, haujachubuka hata rangi. Mimi kazi yangu naijua. Mshono ulikuwa umeshikilia kiti palepale nilipouchomelea, mbele, na kiti hakikuwa hapo. Niliutazama ule mshono mpaka macho yakaniuma. Nikachukua msumeno niukate nichomelee upya.

"Acha, kaka," mdogo wangu alisema.

Alikwenda kwenye kibanda chake cha cherehani, akarudi na mto mnene alioushona mwenyewe, pembezoni umepitishwa uzi mweupe mgumu. Akauweka kwenye kiti mahali pa mgongo, akakaa, miguu ikafika. Akateremsha soksi, akaangalia kifundo cha mguu, akaipandisha.

"Na akae huko nyuma anakopenda," akasema, na akazungusha funguo.